Sauti Iliyonaswa Uani Kwetu

Siku ya tatu ya msiba wa kaka yangu Faki, wanaume wamekwisha kumaliza khitma na sisi wanawake tukipakua wali uani, mjukuu wangu alikuja kuniambia kwamba barazani kuna mzee mgeni, si wa Pemba, anamtaka Bi Mize. Nilitoka nikifuta mikono kwenye kanga. Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, kanzu imekunjana kwa safari ya boti, na kofia yake ilikuwa kubwa kuliko kichwa, kama inavyotokea kwa watu waliopungua mwili uzeeni. Aliinuka kuniamkia, nami nikamjibu kama ninavyomjibu kila aliyekuja kutupa mkono wa pole. Kisha akasema, “Mimi Idarusi. Yule wa mashine ya kelele.” Nikakaa naye barazani. Alikuwa amesikia khabari ya msiba kule Unguja, akafunga safari, akachelewa maziko. Alizungumza kidogo juu ya bahari na juu ya maradhi yake ya sukari, na sinia lilipokuja alikula pamoja na vijana wetu, akasifu mchuzi wa changu kama alivyokuwa akiusifu zamani. Alipotaka kuondoka ndipo aliponiuliza lililomleta. “Bi Mize, kuna neno limenikaa moyoni miaka yote hii. Marehemu mwenyewe aliwahi kunisamehe?” Nikamjibu kwa jibu la msibani, kwamba marehemu hakuwa na kinyongo na mtu. Ni kweli, hakuwa nacho. Lakini niliona usoni mwake kwamba hakupata alichokifuata, na tangu aondoke mwaka ule wa mashine umerudi wote, chumba kwa chumba.

Ukoo wetu nauacha, hauna la ajabu. Nitaanza na nyumba. Ilikuwa nyumba ya mwisho kabla ya wigo wa uwanja wa ndege, imetengana na nyingine kwa bonde la mpunga, na ndege zilizokuwa zikishuka zilipita juu ya bati letu chini sana, hata ukiwa uani ulikuwa ukiona magurudumu. Ilikuwa na ukumbi, vyumba viwili, ua wenye jiko la makuti, na mwisho wa ua kulikuwa na chumba cha mawe alichokijenga baba kuwekea karafuu kavu. Kilikuwa hakina dirisha, kina matundu ya hewa tu juu ya ukuta. Karafuu zilikuwa zimeingia katika chokaa ya kuta zile hata harufu yake haikutoka tena, na mpaka leo, mtu akinipitia na karafuu mkononi, mwanzo nahisi joto usoni, halafu ndipo nakumbuka kwa nini. Katika chumba kile ndimo alimokuwa akikaa kaka yangu Faki mwaka ule niliotimiza miaka kumi na tisa. Alikuwa amefungwa mnyororo mguuni.

Kabla ya hapo Faki alikuwa mchuuzi wa samaki. Alfajiri alikuwa akienda pwani ya Tumbe kwa baskeli, akirudi na tenga nyuma, na kijiji kizima kilikuwa kikiijua sauti yake. “Changu haoo! Tasi haoo! Wa leo, wa leo!” Wanawake walikuwa wakitoka na sahani kabla hajafika mlangoni kwao, na watoto walikuwa wakimwigiza. Kisha akaanza kuliacha tenga njiani, akisema samaki wanamsengenya. Akawa halali. Akachoma shati lake, kwa kuwa alisema lina macho. Baba alimpeleka kwa masheikh, akasomewa, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya sahanini. Alimpeleka pia kwa waganga wawili, mmoja Msuka na mwengine sitaki kumtaja. Siku moja Faki akapenya tundu la wigo, akaenda kusimama katikati ya njia ya kutulia ndege, mikono kaitanua. Baba alimkimbilia, akamburura mpaka majanini, na ndege ikapita. Walirudi nyumbani wote wawili magoti yanavuja damu, hakuna aliyewaona. Kesho yake baba alikwenda Wete, mahali asipojulikana, akanunua mnyororo wa kufungia mashua. Kabla ya kumtia chuma alimviringishia kitambaa kifundoni kisimkwaruze, na alipokuwa akikifunga kitambaa kile machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya mguu wa mwanawe, naye Faki akimwambia, “Baba, usilie, mie sendi pahala.” Ilikuwa iwe mpaka apoe. Baadaye ikawa mpaka Mize aolewe.

Maana mwaka ule nilikuwa nimeposwa. Salim alikuwa mwalimu wa skuli yetu, kijana mpole, mwenye kalamu mbili daima mfukoni, na mama yake, Bi Fatuma, alikuja mwenyewe na wanawake wa kwao. Nilikuwa nyuma ya pazia nikisubiri kuingiza chai, nikawasikia. Bi Fatuma alisifu nyumba, akasifu mikeka, akauliza, “Na kaka yake biharusi? Siku nyingi hatumsikii na samaki wake.” Mama akajibu bila ya kusita, “Yuko Maskati. Kachukuliwa na mjomba wake.” Uongo ule ulipandwa siku hiyo, na ukamea. Kila aliyeuliza aliongezewa kidogo: Faki kapata kazi dukani, Faki kasalimu, Faki alalamika joto. Mwisho Maskati ya mama ilikuwa na mtaa, na duka, na tajiri mwenye ndevu nyekundu. Watu walimtuma mama salamu za kumpelekea, naye akizipokea. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Ukoo ukitajwa kuwa una wazimu, hakuna aingiaye kuposa, na mama alikuwa na binti mmoja tu. Lakini nilijua, kila nilipompelekea Faki sahani yake, kwamba mnyororo ule sehemu yake moja ilikuwa kwa ajili ya usalama wake, na sehemu iliyobaki ilikuwa kwa ajili ya harusi yangu.

Mashine ililetwa msimu wa vuli. Ilikuwa imesemwa kwamba uwanja utakuzwa, ndege kubwa zije, na watu walikuwa wakilalamika hata kwa zile ndogo: watoto wanashtuka, wagonjwa hawalali. Basi ikaamuliwa kwamba kelele ipimwe kwanza. Sheha, mkuu wa kijiji chetu, alikuja na Bwana Idarusi, wakati huo kijana wa Unguja mwenye miwani, na vijana wawili wa kuchimba shimo, akamwambia baba kwamba pahala panapofaa ni uani kwetu, hapana pengine. Baba angekataa angeulizwa sababu. Akasema karibuni. Wakasimamisha mlingoti wa chuma mrefu kuliko bati, juu yake kitu kama ngumi kilichovishwa sponji jeusi, chini sanduku lenye kufuli na betri ya gari. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mkono mmoja umeshika nguzo. “Nani atakuja kuilinda?” aliuliza.

“Hakuna, mama. Hii hukaa peke yake. Haitaki mtu. Inasikiliza mchana na usiku, na kelele ikizidi kiasi tulichoiwekea, inanasa kidogo ya sauti ile, ili na sisi ofisini tujue ilikuwa nini. Ndege, pikipiki, mvua.”

“Yasikia na maneno?”

Idarusi alicheka kwa adabu. “Mazungumzo ya nyumbani haiyashughulikii, mama. Haya yetu ya sasa hayafiki. Ni makelele tu.”

Alisema kweli kama alivyoijua. Walipoondoka, baba alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na mimi nilikuwa nikikosha vikombe karibu yao. Mama akasema, “Atasikika.” Baba akajibu, “Kijana kakwambia, haisikii maneno.” Mama akamuuliza, “Faki kwani hutoa maneno?”

Ni kweli, hakuwa akitoa maneno, au ndivyo tulivyodhani. Siku nyingi alikuwa kimya, akichora kwa kidole kwenye vumbi, akila anachopewa na kurudisha sahani kwa shukrani. Kilichomshinda ni ndege. Ikianza kusikika upande wa bahari, alikuwa akisimama, na ikifika juu ya bati alikuwa akipiga ukelele mmoja mrefu, wa juu, unaovutika na kukatika, akiurudia mpaka ndege itue. Zamani ukelele ule ulikuwa ukifunikwa na ndege yenyewe, na bonde lilikuwa likitutenga na majirani. Sasa ulikuwepo mlingoti. Mama alikuwa akiingia kwake kila ndege inapokaribia, akimfunika kichwa kwa kanga na kumkumbatia, na mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kutwanga. Nilikuwa nikisimama uani na mchi, na pakiwa na kisamvu nilitwanga kisamvu, na pakiwa hapana kitu nilitwanga kinu kitupu, kwa nguvu zangu zote, karibu na mlingoti, ili mashine inisikie mimi. Radio ya baba ilikuwa dirishani, imefunguliwa mpaka mwisho. Mama akiwa shamba, hapakuwa na wa kumfunika kichwa. Nilitwanga tu.

Idarusi alikuwa akija kila mara kubadilisha betri na kuchukua kilichonaswa, na kwa kuwa hapakuwa na hoteli karibu, alikula kwetu. Ungeona jinsi mama alivyomfanyia: shelisheli la nazi, pweza, wali mweupe, maji ya ndimu. Baba alimwambia aje baada ya adhuhuri, ndege ya mchana imekwisha kuondoka, naye alifanya hivyo. Walikuwa wakila ukumbini na kuzungumza, na mimi nikiwasikia kutoka chumbani. Alipenda kumtania baba kwa maneno yetu ya Kipemba, na baba alipenda kutaniwa. Siku moja alimuuliza, “Mzee Shaame, watoto wako wangapi?” Na baba akamjibu, kijiko mkononi, “Nna huyu Mize, na kaka yake yuko Maskati.” Nyuma ya ukuta wa ua mwanawe alikuwa akila wali uleule, kutoka chungu kilekile. Nakumbuka nilishukuru kwamba baba kalijibu vizuri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Mara moja tu Idarusi alifika kabla ya wakati wake. Ndege ikaja naye yuko kwenye sinia anakula. Mama aliinuka bila ya kuomba radhi, nami nikakimbilia kinu, na radio ikalia, na kwa muda ule nyumba yetu ilikuwa kama karakana. Ndege ilipotua nikaacha, nikakuta Idarusi kasimama mlango wa ua, mkono una mchuzi, anakitazama kinu changu ambacho hakikuwa na kitu ndani. Alirudi ukumbini, nikamsikia akimuuliza baba kwa sauti ya chini, “Mzee, nimemuudhi mama? Kama kuja kwangu kunamchosha, niambie.” Baba akamwambia hapana, wanawake wana mambo yao. Maskini, alidhani anafukuzwa. Safari iliyofuata alileta kilo mbili za sukari.

Mkutano wa kuwaeleza watu uliitwa skuli, alasiri moja baada ya mvua. Wanaume mbele, wanawake nyuma, watoto madirishani. Salim ndiye aliyepanga mabenchi na kuvuta waya wa spika. Mimi nilikaa kati ya mama na Bi Fatuma, na Bi Fatuma alikuwa akinipepea kwa ukili wa mkeka kama nimekwisha kuwa wake. Idarusi alizungumza vizuri. Alionyesha picha zenye milima ya mistari, akaeleza kwamba mashine haijui tofauti ya kelele na kelele, mtu ndiye anayepambanua ipi ni ya ndege na ipi si yake. Akachezesha mifano. Ndege: watu wakaguna. Pikipiki: wakamtaja mwenyewe kwa jina, wakacheka. Mvua juu ya bati: mzee mmoja akasema, “Hiyo ya juzi, ilivunja migomba yangu,” wakacheka tena. Kisha kinu changu, akaniashiria kwa mkono, nao wanawake wakapiga vigelegele, na Bi Fatuma akanigusa bega kwa furaha: “Huyu mkamwana ana mkono!” Nikacheka na mimi. Nilidhani yamekwisha, tumepita salama.

“Sasa kuna hii,” akasema Idarusi. “Hii imetushinda ofisini. Inakuja kila ndege inapopita, na mara nyingine inaizidi ndege. Wenzangu wameibishania sana. Nyinyi wenyeji mtatusaidia: ni mnyama gani?”

Ikalia. Kwanza ndege, halafu ndani ya ndege ule ukelele. Watu wakatega masikio. Ulikuwa mkubwa katika spika ile kuliko ulivyopata kuwa uani kwetu. Mtu akasema paka. Mwengine akasema bundi. Kijana mmoja dirishani akauigiza, na watoto wote wakauigiza naye, na kicheko kikapasuka. Hii ilikuwa sauti ya mtu aliyewauzia samaki miaka sita, na hakuna hata mmoja aliyeitambua. “Mlingoti wenyewe uko kwa nani?” akauliza mtu. Idarusi, bila ya ubaya wowote, akasema, “Kwa Mzee Shaame.” Vichwa vikageuka. “Mzee Shaame, wafuga nini huko kwako?”

Baba aliinuka. Nilimwona kwa nyuma, shingo yake, na kofia yake ya kutoka. Akasema, “Komba. Wako wengi katika mikarafuu. Ndege zawatisha.” Akakaa.

Watu wakaridhika. Ni kweli komba wako, na ni kweli hulia kama watoto. Idarusi akashukuru, akataka kuhakikisha, akasema, “Basi tuisikie mara moja tena, tuiandike komba.” Ikalia mara ya pili. Na mara hii, kwa kuwa nilijua itakuja na nilikuwa nimeikazia masikio kama mtu anayesubiri kupigwa, nikasikia lililokuwamo. Haikuwa sauti tupu. Ilikuwa na mwanzo na mwisho. Ilikuwa inaita, “Miiizeee! Miiizeee!” Jina langu. Miezi yote ile nilikuwa nikilitwangia kinu jina langu mwenyewe. Nikavuta buibui nikafunika uso, na pembeni yangu nikahisi benchi linainuka, maana mama alikuwa kasimama.

“Zima, mwanangu,” alimwambia Idarusi. Hakupaza sauti. Idarusi akazima. “Huyo si komba. Huyo ni Faki wangu. Yuko nyumbani, nimemfunga. Hakwenda Maskati. Amwita mdogo wake.”

Mkono wa Bi Fatuma uliokuwa ukinipepea ulisimama. Mama aliendelea kusimama kwa sababu, nadhani, hakujua afanye nini baada ya hapo, na mimi sikusimama naye. Nilitaka ardhi inifunike. Aliyetusaidia ni Bi Mkasi, mkunga mzee aliyetuzalisha sote, mimi na Faki na nusu ya waliokuwamo mle. Alipita kati ya mabenchi akikanyaga miguu ya watu, akamshika mama mkono. “Twende,” akasema. “Twende kwako, Riziki. Na wenye miguu watufuate.”

Wanawake kumi hivi walitufuata kupitia bonde, viatu mkononi kwa matope. Bi Fatuma hakuwamo. Tulipofika uani Bi Mkasi aliuliza ufunguo wa mnyororo uko wapi, na baba, aliyekuwa nyuma yetu kofia kaishika, akautoa mfukoni. Alikuwa akitembea nao siku zote. Komeo la mlango likavutwa, na kwa mara ya kwanza nilikiona chumba kile kwa macho ya watu: ndoo, mkeka uliolika, kuta zilizochorwa vidole mpaka mkono ulipofika, na harufu yake, na karafuu. Faki alikuwa amekaa. Alipoona wanawake alivuta shuka akajisitiri, kisha akatazama huku na huku kama mtu asiye na kiti cha kumpa mgeni. “Karibuni,” akasema. “Karibuni, hapa padogo.” Hapo ndipo wanawake walipolia. Mmoja wao, sitamtaja, alikuja kumwambia mama sikioni, nami nikasikia, “Na mie nnaye. Wa dada yangu. Yumo ndani.”

Idarusi alikuwa amekuja pia, akasimama nje, karibu na mlingoti wake. Baba alipotoka kijana alimwendea akataka kumshika miguu. Baba akamzuia. “Usinitake radhi weye. Ulikula kwangu, ukaniuliza watoto wangu, nikakujibu mwenyewe kwa kinywa changu.” Mlingoti uling'olewa wiki ile, na Idarusi hakurudi Pemba mpaka juzi msibani.

Posa yangu haikuvunjwa kwa neno kali. Shangazi mmoja alikuja kusema kijana anataka kwanza aendelee na masomo. Salim mwenyewe nilikutana naye njiani baada ya hapo. Alishuka baskelini, akaniuliza khabari ya Faki, akataka kusema jingine, na kalamu moja ikamwanguka, akainama kuiokota, na alipoinuka akapanda baskeli yake akaenda zake. Alikuwa mtu mwema. Baadaye niliolewa na mwengine, aliyefiwa na mke, mwenye watoto wawili, naye alinitunza mpaka alipofariki. Lakini kwa kuwa naandika haya bila ya kulazimishwa na mtu, niseme: siku zile za mwanzo, Faki akijifunza tena kutembea uani kwa mguu uliokuwa mweupe kifundoni, mimi nilikuwa nikilia ndani, na nilikuwa nikimlilia Salim.

Idarusi ndiye aliyetutafutia nafasi hospitali ya Unguja, kwa watu anaowajua. Baba na mimi tulimpeleka Faki kwa boti, amekaa kati yetu, kashika shati la baba kama mtoto. Baba alirudi, mimi nikabaki kwa jamaa zetu mjini ili nimpelekee chakula. Dawa zilimpunguza mwendo, zikamnenepesha, mikono ikawa inamtetemeka, lakini baada ya muda akaanza kuniuliza mambo. Tasi ni bei gani sasa? Nani anachukua Tumbe? Mama kapona goti? Alirudi Pemba mwisho wa mwaka ule, na aliishi nasi miaka mingi, akinywa dawa zake, akifua nazi, akiuza samaki kidogo kidogo kwa miguu, bila ya kunadi. Kuna miaka maradhi yalimrudia, na hakuna tena aliyeutaja mnyororo. Watu walimzoea. Alipokufa walijaa mpaka bondeni.

Lakini nataka kumalizia pale hospitali, siku moja nilipompelekea ndizi za nazi na papa. Tulikaa nje kwenye benchi la saruji, yeye anakula, mimi namshikia bakuli kwa sababu ya ile mitetemeko. Nilikuwa nimejizuia wiki nyingi, nikaona leo nitamuuliza.

“Kaka, ulikuwa ukiniita. Ndege ikija.”

“N'kikwita, ee.”

“Kwa nini mie? Mama alikuwa karibu zaidi.”

Alifikiri, tonge mkononi. “Mama mzee, goti lake bovu. Baba mara nyingi hayuko. Na ndege ile, Mize, kila siku ilikuwa yashuka juu ya nyumba. Nliiona mie, yaja juu ya nyumba yetu yenyewe. Mguu wangu umefungwa, siwezi. Nkasema, Mize yuko uani, Mize ana mbio. Basi nkikwita ukimbie.” Akalitia tonge kinywani, akalitafuna taratibu kama alivyokuwa akitafuna siku zile, akanitazama. “Ulikuwa ukikimbia?”

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nikikimbia kila mara.

“Alhamdulillahi,” akasema Faki, akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine cha papa.